Kompyuta ndo imfuate mpuliza

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kutoka Ngamiani hapa Tanga, mi sio mtu wa kuandikia magazeti lakini ile barua ya msomaji mliyoitoa majuzi imenikaa moyoni, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli kabisa na nusu nyingine imeniuma, na mi nilikuwemo jukwaani siku hiyo na tarumbeta yangu. Alisema alikuja kuangalia onyesho letu la matarumbeta na kompyuta na video, akakuta watu wazima wamekaa kwenye viti wanapuliza, spika zinavuma mgongoni kwao, picha zinapita kwenye shuka nyeupe ukutani, akasema muziki wenyewe ni wa Wazungu, na ile ni kazi ya mtu imepewa mashine na miaka michache ijayo wapuliza wote watakaa nyumbani kwa sababu ya laptopu. Ndugu yangu huyo simlaumu. Ila aliona zile dakika 24 za onyesho tu, hakuona miezi minne iliyotangulia, na mambo yenyewe yalikuwa huko.

Mi napuliza toka 1994. Harusi, sendofu, kipaimara, maulidi ya mtaani wakiniita, kampeni za wanasiasa, timu yetu ya Coastal Union ikicheza uwanja wa Mkwakwani, kote nimepuliza, na watoto wangu wamekula na kusoma kwa mdomo huu. Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya mashine kumnyang'anya mpuliza riziki namsikiliza kwa makini sana, maana ni mimi anayenizungumzia.

Aliyetunga kazi ile ni mpwa wangu, mtoto wa dada, kasoma muziki chuo cha sanaa Bagamoyo. Alikuja nyumbani jioni moja baada ya magharibi, shikamoo mjomba, marahaba, akakaa, akasema ana kazi anataka niipulize. Nikamuuliza harusi ya nani? Akasema hapana mjomba, sio harusi, ni utunzi. Watu wakae, wasikilize. Inahusu upepo, unaanza wa kaskazi unamalizikia wa kusi, watu 22 wa ala, alafu kuna sauti za kwenye kompyuta na kuna video. Akafungua laptopu akanisikilizisha: karekodi mashine ya korona kwenye shamba la mkonge (wa Tanga wananielewa, korona ile ya kuchakata mkonge, jina tulilokuwa nalo hapa kabla ule ugonjwa haujaja), karekodi honi ya meli bandarini, mawimbi ya Raskazone, upepo kwenye minazi, kavinyoosha na kuvikunja humo ndani mpaka ule mvumo wa korona unakuwa kama watu mia wameunga sauti moja nzito chini. Nilitetemeka, nasema kweli. Baba yangu mzazi alifanya kazi kwenye korona, akirudi nyumbani masikio bado yanavuma, na sijawahi kudhani ile sauti inaweza kukaa pamoja na tarumbeta.

Tukakusanyana. Tarumbeta tano, tromboni nne, saksofoni tatu, klarineti mbili, filimbi mbili, baritoni moja, tyuba mbili, zumari moja, na wawili wa ngoma na dramu. Hamna gitaa, hamna kinanda. Wengine ni sisi wa mtaani tusiosoma noti vizuri, wengine wametoka kwenye vikundi vya tarumbeta vya kanisani huko milimani Lushoto ambao noti wanazisoma kama gazeti, na kiongozi wetu ni mzee mstaafu wa bendi ya jeshi.

Nilidhani shida itakuwa noti. Shida ya kwanza ikawa joto.

Mazoezi tuliyaanza mwezi wa pili, kaskazi imekolea, darasa tuliloazimwa lina feni moja haizunguki. Tukapuliza peke yetu vizuri, kompyuta ikipiga peke yake vizuri, tukipiga pamoja inakuwa kama jino linauma. Kila mtu anamwangalia mwenzake. Mpwa wangu akatoa simu, ina programu ya kupima sauti, akasema mjomba piga noti ya la, nikapiga, simu ikasoma 446, yaani mitetemo 446 kwa sekunde. Kompyuta imepangwa 440. Sasa hii mi nilikuwa naijua kwa mdomo miaka yote lakini sikuwahi kuelezwa: ala ya kupuliza ni bomba la hewa, na hewa ikipata joto sauti inakimbia zaidi, kwenye nyuzijoto 20 inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwenye 30 inakwenda kama 349, kwa hiyo noti inapanda juu. Hizo ala zimetengenezwa kwa hesabu za nchi za baridi. Tukiwa peke yetu hatugundui kwa sababu wote tunapanda pamoja kama boti kwenye maji yaliyojaa, lakini kompyuta haisikii joto, inabaki pale pale. Tukaambiwa tuvute yale mabomba ya kurekebishia tuteremke, tukavuta, yakafika karibu na kuchomoka, na ukivuta sana noti nyingine zinaharibika maana urefu wa bomba umebadilika lakini vipande vya valvu viko vile vile. Na yule mzee wa zumari yeye hana cha kuvuta, lile ni gogo la mti limetobolewa matundu, limetobolewa vile basi.

Hapo ndo yule mstaafu akasema neno ambalo mpaka leo naliona ndo moyo wa jambo lote. Akamwambia mpwa wangu, kijana, hawa watu 22 hawawezi kuteremka, mashine yako moja inaweza kupanda. Basi kijana akakaa usiku mzima akapandisha sauti zote zikaja 446, na kila zoezi tukaanza na kupima, siku ya mawingu ni 443, siku ya jua kali 446, anairekebisha laptopu kabla hatujaanza. Ikakaa sawa, na ule mvumo wa korona ukaingia chini ya tyuba mpaka sakafu unaisikia miguuni.

Shida ya pili ikawa muda. Kazi za namna hii mara nyingi zinapigwa hivi: kiongozi anavaa hedifoni, ndani ya hedifoni kuna kliki inamgongea ta ta ta ta kutoka kwenye kompyuta, yeye anawaongoza watu kwa hiyo kliki ili wasiachane na sauti zilizorekodiwa na picha. Tulijaribu hivyo wiki tatu. Jamani. Mpuliza ana pumzi, na pumzi ina mwisho, na mwisho wake haufanani kila siku, umekula, hujala, una mafua, umepanda baiskeli kutoka Pongwe. Kijana wetu wa tyuba mkubwa alikuwa na noti ndefu sana pale katikati, pumzi inamwishia kabla kliki haijamaliza, anakata, anaona aibu, anarudia, anakata tena, mpaka siku moja akaweka tyuba chini akatoka nje. Nilimfuata. Aliniambia kaka, mi nimepiga miaka kumi na mbili, sijawahi kujiona mjinga kama leo. Hilo neno liliniuma sana na nikarudi ndani nikawaambia wote kwamba kama ni hivi mi pia natoka.

Na zumari nayo. Mzee wetu huyo umri umepita sabini, ametokea upande wa Pangani, anapuliza bila kukata kabisa, anatunza hewa mashavuni huku anavuta nyingine kwa pua, yule haujui mwanzo wala mwisho wa pumzi yake. Mpwa wangu alikuwa ameshamrekodi zamani na kumweka ndani ya kompyuta, mpango ukiwa sehemu yake kubwa itoke kwenye spika kwa sababu zumari noti zake hazilingani na za tarumbeta na alihofia. Siku mzee alipojisikia kwenye spika mazoezini, alitulia, akasikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza kwa upole kabisa, mjukuu wangu, kama mi nimo humo ndani, sasa nikakae wapi? Kijana hakujibu. Wiki iliyofuata zumari ilifutwa kwenye kompyuta yote na mzee akawekewa kiti mbele, na zile noti zisizolingana mpwa wangu akazitungia nafasi yake, tunanyamaza wote anabaki yeye na mvumo wa korona, na hapo sasa ndo msomaji yule aliandika kwamba "kidogo palikuwa na utamu". Nimefurahi alipasikia.

Na kliki tukaitoa. Zile sauti akazikatakata vipande 31, kila kipande kina kitufe chake, na yeye akaacha kukaa nyuma kwa mafundi mitambo akaja kukaa katikati yetu, kati ya tromboni na dramu, anamwangalia kiongozi kama sisi tunavyomwangalia. Kiongozi akinyanyua kidole anabonyeza. Tyuba akiwa na pumzi fupi leo, kiongozi anaona, anawahi, kompyuta inawahi. Akiwa nayo ndefu tunasubiri. Picha pia zilikatwa hivyo hivyo, dada yake anazishika, nyuzi za mkonge zimeanikwa juani, majahazi, alafu mashavu na mikono yetu wenyewe kwa karibu sana. Yule kijana wa tyuba alirudi.

Sasa siku ya onyesho umeme ulikatika, kila aliyekuwepo anakumbuka, kama dakika ya kumi na tano hivi. Spika kimya, picha zimepotea, giza. Watu wakadhani imekwisha. Mzee wa zumari hakukata. Sisi tukamshika chini yake taratibu, dramu ikaingia kwa vidole, tukakaa hapo hapo tunazunguka kama dakika nne mpaka umeme ukarudi, kiongozi akanyanyua kidole, kijana akabonyeza, korona ikaingia, ukumbi mzima ukapiga kelele. Nataka msomaji wetu aelewe hapo kilichotokea, maana yeye ameandika kwamba "hata umeme ulipokatika ndo wakaonyesha wanaweza wenyewe". Laptopu ina betri, haikuzimika. Tungekuwa kwenye kliki ingeendelea kutembea peke yake gizani dakika zote nne, na umeme ukirudi spika zingetoa sehemu ya mbele kabisa wakati sisi tuko nyuma, na kazi ingekufia hapo. Haikufa kwa sababu mashine ilifundishwa kusubiri watu.

Kuhusu lile neno lake kwamba muziki huu ni wa Wazungu. Mpwa wangu alinikalisha akanieleza na mi nikaona ni haki nawe ujue. Kuna Mfaransa aliyeishi Marekani, Edgard Varèse, alitunga kazi inaitwa Déserts, wapuliza 14, wapiga ngoma na vyuma 5 na piano moja, jumla 20, pungufu yetu wawili tu, na pamoja nao kanda ya sauti zilizotoka kwenye viwanda huko Marekani, yaani korona za kwao. Ilipigwa mara ya kwanza Paris tarehe 2 Desemba 1954 na watu ukumbini walizomea na kupiga miluzi. Kwa hiyo ndugu msomaji una wenzako wa zamani. Ila angalia alivyofanya yule bwana: hakuwalazimisha wapuliza waende sawa na kanda, wapuliza wanapiga, wananyamaza, kanda inasema, inanyamaza, wapuliza wanaendelea, mara tatu hivyo, hawagombanii muda. Yeye miaka 70 iliyopita alishaiona ile shida iliyotutoa jasho. Alitaka na picha pia ziwepo, akafariki 1965 hazijafanyika, mpaka 1994 ndo Bill Viola, msanii wa video wa Marekani, akatengeneza video ya kwenda na ule muziki.

Na kabla ya huyo, 1944, Mmisri mmoja Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwenye waya huko Cairo, akaenda kurekodi sherehe ya zar, akarudi studio akaondoa hiki akakuza kile, akatoa muziki ambao wanaojua mambo haya wanauhesabu kati ya wa kwanza kabisa duniani kutengenezwa kwa sauti zilizorekodiwa. Zar ni ngoma ya kupunga pepo. Sisi watu wa pwani tunahitaji kuelezwa nini tena kuhusu ngoma ya pepo? Kumbe jambo hili lina mguu Afrika toka mwanzo, na kwenye ngoma inayofanana na zetu tunazozijua.

Alafu hata hizo tarumbeta tunazozililia kwamba ni zetu, zilikujaje? Babu zetu walizisikia kwenye bendi za majeshi ya wakoloni, wakazichukua wakafanya ngoma ya beni, wakagawana vyama viwili, Marini na Arinoti, wakashindana kwa gwaride na mavazi na nyimbo za kuchambana, na kabla ya hizo tulikuwa na pembe za siwa na baragumu na hiyo hiyo zumari. Wazee walichukua na wakazipinda zikawafuata wao. Hawakwenda wao kuzifuata. Ndo maana tarumbeta ya harusi ya Tanga haisikiki kama ya jeshi, bibi harusi akichelewa kutoka mlangoni wimbo unarefuka, anayetutuza akisogea na hela mkononi tunamzungushia hapo hapo mpaka amalize. Mwanamuziki wa kliki hawezi hiyo.

Sasa nije kwenye ile nusu ambayo msomaji kasema kweli, na mi naijua kuliko yeye. Zamani tukiitwa harusini tulikuwa tisa. Siku hizi tunaitwa wanne, na MC ana fleshi yenye matarumbeta yaliyorekodiwa, anaipiga kwenye spika kubwa sisi tunaambiwa tusimame mbele tuzipeleke ala mdomoni ili video ya harusi itoke nzuri. Mwaka juzi nilifanya hivyo kwenye ukumbi mmoja, nilihitaji hela ya ada ya mtoto, nikasimama dakika arobaini na tarumbeta mdomoni bila kupuliza. Niliporudi nyumbani sikula. Na aliyekuwa akisikika kwenye ile fleshi nilimtambua, ni rafiki yangu marehemu, namjua kwa jinsi anavyoingia noti ya juu, na hamna shilingi iliyokwenda kwa mjane wake. Hiyo ndo mashine ya kuipinga, ndugu yangu, na tuipinge wote. Lakini kuiweka kapu moja na kazi ya mpwa wangu ni kukosea, kwa sababu pale kompyuta moja iliwaita watu 22 watoke majumbani, na fleshi moja iliwatoa watano kazini.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya. Wanaotunga, na najua Bagamoyo kuna vijana wengi wana mawazo ya aina hii, msianze na laptopu mkaja kututafuta sisi mwishoni tujaze matundu, njooni mkae na wapuliza mwanzoni mjue pumzi ya nani inafika wapi. Mkimrekodi mzee wa zumari au wa baragumu mlipeni, na kama bado yuko hai mpeni kiti mbele. Wenye kumbi mtufungulie, hatuhitaji kikubwa, ukuta mweupe, soketi zinazofanya kazi na madirisha yanayofunguka. Halmashauri, idara ya utamaduni, kazi hii ilipigwa mara moja tu na ikaisha, miezi minne ya watu 22 kwa usiku mmoja, mtusaidie nauli tuipeleke Pangani na Muheza na Lushoto walikotoka wenzetu, na Bagamoyo wakitutaka tutakwenda.

Na wewe Mhariri, nina ombi moja dogo. Gazeti lenu liliandika habari ya onyesho mkaweka jina la mtunzi na mkaweka picha ya laptopu. Mara nyingine mkija, wapuliza andikeni majina yao pia, wote, kuanzia huyo wa tyuba.

Msomaji wetu naye namkaribisha kwa moyo mweupe. Mazoezi tumeanza tena, kila Alhamisi baada ya alasiri, mpwa wangu anaandika sehemu ya pili na safari hii anataka zumari mbili, tumempata mwingine huko Moa. Kuna kiti pembeni ya tyuba kubwa, nimeshawaambia wasikikalie.

Mpuliza tarumbeta,
Ngamiani, Tanga